Nani Alisema Gemu ya Kweli Ni ya Sebuleni?

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, useme unatafuta mashine ya gemu. Kabla hujamaliza sentensi utaoneshwa PlayStation. Ukiulizia ile ndogo ya kushika mkononi, jibu linakuja haraka: hiyo ni ya watoto, hiyo ni ya kupotezea muda kwenye basi, ongeza kidogo uchukue mashine ya kweli. Wateja wengine waliosimama hapo huitikia kwa kichwa. Nimelisikia jibu hilo kwa wauzaji, kwa wajomba wanaoleta zawadi kutoka Dubai na Muscat, na kwa vijana wa chuo wanaodunduliza boom, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. Limekuwa jambo la kupokezana bila kuhojiwa. Mimi naliona ni jibu baya, na linawatoa watu fedha ambazo hawakupaswa kuzitoa.

Nilieleze kwanza kama wanavyolieleza wenyewe. Mashine ya sebuleni, ile inayochomekwa kwenye umeme na kwenye runinga, ina nguvu mara nyingi kuliko ya mkononi, kwa hiyo fedha ileile inakupa picha bora, sauti bora na gemu kubwa zaidi. Inachezwa na wawili au wanne mbele ya kioo kimoja, kwa hiyo inawakutanisha ndugu na marafiki, ilhali ya mkononi humkunja mtu peke yake pembeni. Ya mkononi ni ya watoto. Mtu mzima anayetaka kitu cha mkononi tayari ana simu. Tena mashine ya mkononi ni laini, ikianguka imekwisha. Wanaosema hivi si wajinga. Wengi wamecheza tangu enzi za PlayStation ya kwanza na wanakushauri kwa nia njema kabisa. Basi tuzichukue hoja zao moja baada ya nyingine.

1. Nguvu ya mashine

Hii ndiyo hoja mama, na historia nzima ya gemu inaikanusha. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Kyoto ilitoa Game Boy. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu vya kijani na kijivu, bila taa ya ndani. Ukitaka kuona vizuri ulisogea dirishani. Mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na taa. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear huko Japani, nayo ya rangi. Kama nguvu ndiyo inayoamua, Game Boy ilipaswa kufa mapema. Kilichotokea ni kwamba Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano, wakati Game Boy ilitumia betri nne zikadumu zaidi ya saa kumi. Game Gear iliishia kuuza kama milioni 10. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, iliuza zaidi ya milioni 118.

Aliyeongoza kazi ya kuiunda Game Boy, Gunpei Yokoi, aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kiwanda. Msimamo wake ulikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kioo kile hafifu kilichaguliwa kwa makusudi. Yokoi alipima mambo ambayo muuzaji wa leo hayapimi: betri inadumu muda gani, mashine inastahimili nini, mzazi anaweza kulipa kiasi gani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nimelinganisha za mkononi kwa za mkononi. Sawa, tulinganishe ndani ya kampuni moja. Nintendo 64 iliuza milioni 32 na ushei. GameCube iliyoifuata ikashuka hadi milioni 21. Katika miaka hiyohiyo Game Boy Advance ikauza milioni 81. Nintendo DS, ile ya vioo viwili, ikafika milioni 154. Wii U ya sebuleni ikaanguka na milioni 13, huku 3DS ya mkononi ikipita milioni 75. Kwa Nintendo, mashine iliyoitwa ndogo ndiyo iliyoshika nyumba wakati kubwa ikiyumba, na mwaka 2017 kampuni ikaziunganisha zote mbili katika Switch, ambayo sasa imepita milioni 150.

Watetezi wa sebule watanitajia PlayStation 2, iliyouza zaidi ya milioni 160, nyingi kuliko zote. Ni kweli, na naomba waitaje kila mara, kwa sababu PlayStation 2 ilizidiwa nguvu na wapinzani wake wawili wa wakati huo, GameCube na Xbox ya kwanza. Xbox, iliyokuwa na nguvu kuliko zote, iliishia kama milioni 24. Ushindi wanaojivunia ulipatikana kwa gemu nyingi na kwa kuwa mashine ileile ilicheza DVD.

Jambo la pili kuhusu nguvu linatuhusu sisi watu wa mpira. Kwa miaka kadhaa sifa mbaya ya Switch hapa kwetu ilikuwa FIFA yake. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, wenye Switch waliuziwa toleo lililoitwa Legacy Edition: gemu ileile ya zamani, ikabadilishwa jezi na vikosi. Watu wakahitimisha kwamba mashine ya mkononi haiwezi. Septemba 2023 ikaja EA Sports FC 24, na Switch hiyohiyo ya mwaka 2017, bila kuongezewa chochote, ikapewa injini mpya na gemu iliyojengwa upya. Miaka yote minne mnunuzi alikuwa amenyimwa kwa uamuzi wa kibiashara, akaambiwa ni udhaifu wa kifaa chake. The Witcher 3, gemu ambayo wengi waliapa haitaingia mkononi, iliingia Switch mwaka 2019 yote kamili, pamoja na nyongeza zake, ndani ya kadi moja. Picha ilipunguzwa, ndiyo, na anayeziweka mbili pembeni ataona tofauti. Lakini hadithi, ramani, mapigano na saa zote za mchezo vilikuwamo.

2. Bei ya kwenye boksi na bei yenyewe

Hapa ndipo ushauri wa "ongeza kidogo" unapoumiza zaidi, kwa sababu huko kuongeza hakuishii dukani.

Anza na boksi. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 bei yake Marekani ilikuwa dola 500. Tumezoea kwamba kifaa kikizeeka kinashuka bei. Hiki kimepanda: Agosti 2025 kilifikishwa dola 550. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 700 bila sehemu ya kuingizia diski. Ukiitaka unainunua pembeni kwa dola 80 nyingine. Hizo ni bei za huko, kabla ya msafirishaji, forodha na madalali wa kwetu. Switch Lite ilitoka 2019 kwa dola 200, na ndani ya dola hizo kuna kioo, kuna spika, kuna vitufe, kuna betri. Steam Deck ilitoka 2022 kuanzia dola 399, nayo vivyo hivyo.

Sitetei kila kitu cha mkononi. Switch 2 ya Juni 2025 ilianzia dola 450, na baadhi ya kompyuta za gemu za mkononi zinagharimu kuliko PlayStation. Anayetaka hizo ana hesabu nyingine. Mimi namzungumzia mnunuzi wa kawaida, mwenye fedha ya mashine moja.

Mnunuzi huyo anapoambiwa kuhusu picha, hakuna anayemuuliza ana runinga gani. Picha ya 4K anayouziwa ina nukta zaidi ya milioni 8. Runinga ya inchi 32 iliyoko kwenye nyumba nyingi za kwetu mara nyingi ina nukta 1366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Maana yake, katika kila nukta nane anazozilipia, saba hazitaonekana kamwe kwenye ukuta wake. Kioo cha Switch Lite kina nukta 1280 kwa 720, karibu sawasawa na runinga hiyo, lakini zimebanwa kwenye kioo kidogo kilicho karibu na macho. Mwanga na vivuli vya PlayStation vitabaki kuwa bora zaidi, hilo silibishi. Ila ule ukubwa wa picha uliomfanya aongeze fedha hautampata mpaka anunue runinga nyingine, na bei ya runinga haikuandikwa kwenye boksi la gemu.

Kisha umeme. PlayStation 5 ikicheza gemu nzito inavuta kama wati 200. Jumlisha runinga kubwa, unakaribia wati 300. Kwa mwendo huo uniti moja ya umeme wa LUKU, yaani kilowati-saa moja, inakwisha kwa saa tatu na dakika chache. Betri ya Switch ya kawaida inabeba wati-saa 16. Hata ukihesabu unaopotea njiani wakati wa kuchaji, uniti ileile inaijaza betri hiyo kama mara hamsini, na kwa modeli zilizotoka tangu 2019 kila ujazo ni saa nne na nusu au zaidi za kucheza. Fanya hesabu mwenyewe: uniti moja inakupa saa tatu upande mmoja, saa zaidi ya mia mbili upande wa pili. Kwa kijana anayecheza kila jioni katika nyumba ambayo mama ndiye anayenunua umeme, hiyo ni tofauti ya ugomvi na amani.

Na umeme wenyewe unapokatika? Wauzaji wetu wanaishi nchi hizihizi. Wanaujua mgao. Wanakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023 ambapo karibu Kenya nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwamo. Wanakumbuka Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ya Tanzania ilipoanguka. Mashine ya sebuleni umeme ukikatika inakatika nayo. Kama gemu ilikuwa haijahifadhi ulipofika, unarudia. Kama ilikuwa katikati ya kuandika kwenye hifadhi yake, unaweza kupoteza zaidi ya hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo, kuna hatari nyingine, ndiyo maana anayejali hununua na stabilaiza. Hiyo nayo haikuwa kwenye boksi. Mashine ya mkononi ina betri ndani yake. Umeme ukikatika, wewe unaendelea.

Baada ya umeme, bando. Nafasi ya PlayStation 5 ya kwanza ilitangazwa kuwa gigabaiti 825, lakini iliyobaki kwako ilikuwa kama 667, na gemu kubwa za leo zinapita gigabaiti 100 moja moja. Hata ukinunua diski, mara nyingi siku ya kwanza mashine inataka kushusha marekebisho kabla haijakaa sawa. Mwenye intaneti ya waya nyumbani hatalihisi. Anayetegemea bando la simu atalihisi vibaya sana. Na kucheza na wenzako mtandaoni kwa gemu nyingi za kulipia kunataka uanachama wa PlayStation Plus, ambao wa chini kabisa ulipandishwa Septemba 2023 hadi dola 80 kwa mwaka. Wa Nintendo ni dola 20. Wala si Tanzania wala Kenya iliyo na duka lake rasmi la mtandaoni la Sony au la Nintendo, kwa hiyo watu hufungua akaunti kana kwamba wanaishi Marekani au Afrika Kusini na kununua kadi za salio kwa watu wa kati wanaoongeza chao juu. Usumbufu huo ni wa pande zote mbili. Lakini anayelipa dola 80 kwa njia hiyo anaumia mara nne ya anayelipa 20.

Mwaka mmoja tu wa matumizi, na ile tofauti iliyoitwa "kidogo" imeshajirudia.

3. "Inaunganisha familia"

Hoja hii inanigusa, kwa sababu ina ukweli wa zamani ndani yake. Kulikuwa na wakati gemu ilimaanisha watoto wanne kwenye mkeka mmoja wakigombea pedi mbili. Ila wanaoirudia leo hawajaangalia kilichotokea kwenye gemu zenyewe.

Halo, mfululizo uliosifika kwa wachezaji kugawana kioo kimoja, ulitoa toleo lake la tano mwaka 2015 bila kucheza wawili kwenye runinga moja. Watengenezaji wakaahidi kurekebisha, kisha mwaka 2022 wakatangaza kwamba Halo Infinite haitapata hadithi ya kuchezwa wawili kwenye kioo kimoja. Hawako peke yao. Gemu nyingi kubwa za sebuleni leo hukupa njia mbili: cheza peke yako, au cheza na mtu aliye nyumba nyingine, kila mmoja na mashine yake, kila mmoja na uanachama wake. Michezo ya ngumi imebaki, na mpira umebaki, nao nitaufikia. Lakini kumwambia mzazi kwamba ananunua kifaa cha kuwakutanisha watoto wake, halafu asijue kwamba gemu anazoziona kwenye matangazo haziruhusu watoto wawili kucheza pamoja sebuleni, ni kumficha jambo la msingi.

Kuna upande wa pili wa sebule ambao ushauri huu haugusi kabisa. Nyumba nyingi zina runinga moja. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari. Kabla yake au baada yake ni tamthilia, na Jumamosi ni ligi. Mashine ya sebuleni haiingii katika chumba kitupu. Inaingia mahali penye wenyewe, na kila saa inayochezwa ni saa ambayo mtu mwingine ameondolewa kwenye runinga yake. Kwa kawaida anayeondolewa ni mama, bibi au dada mdogo, maana ndio wasiopigania rimoti. Mwishowe baba anaamua, mashine inafungiwa kabatini hadi likizo.

Kampuni zenyewe zinalijua hili. Nintendo ilipoleta Wii U mwaka 2012 iliiwekea pedi yenye kioo, na moja ya sifa ilizozinadi ni kwamba unaweza kuendelea kucheza mtu mwingine akitaka runinga. Sony, iliyojenga jina lake sebuleni, ilitoa PlayStation Portal mwaka 2023 kwa dola 200: kioo chenye vitufe pande mbili, ambacho kilipotoka hakikuwa na gemu yoyote ndani yake, kazi yake ikiwa kuvuta kwa intaneti picha kutoka PlayStation 5 yako ili usilazimike kukaa mbele ya runinga. Fikiria maana yake. Umelipa dola 500 upate mashine ya runinga, kisha unauziwa kitu cha dola 200 cha kukuondoa kwenye runinga, na wakati huo kwa hizo 200 ungepata Switch Lite inayojitegemea. Kama sebule ingekuwa mahali pa asili pa kuchezea, wanunuzi wasingemiminika kununua njia ya kutoka humo.

Na huo upweke wa mashine ya mkononi? Pokémon ya kwanza ilitoka Japani Februari 1996 kwa Game Boy katika matoleo mawili, Nyekundu na Kijani, na kila toleo lilinyimwa wanyama fulani waliokuwa kwenye lile jingine. Hukuweza kuwakusanya wote bila kumtafuta mwenzako, kuunganisha kebo kati ya mashine zenu na kubadilishana. Gemu iliyofanya watoto wa dunia nzima wafuatane uani ilibuniwa kwa mashine ya mkononi, ikitegemea kukutana ana kwa ana. Miaka kumi baadaye vijana wa Japani walikuwa wakikusanyika kwenye migahawa na vituo vya treni na PSP zao, mashine za mkononi za Sony, kuwinda pamoja katika Monster Hunter, kwa redio iliyo ndani ya mashine, bila intaneti. Switch ya kawaida inatoka kwenye boksi na pedi ndogo mbili zinazochomoka: unaisimamisha juu ya meza, unampa mwenzako moja. Inachezwa barazani.

4. "Ya watoto"

Hili halihitaji maneno mengi. Rais George H. W. Bush wa Marekani alipolazwa hospitalini mwaka 1991 alipigwa picha akiwa na Game Boy mkononi. Mwanaanga Aleksandr Serebrov aliipeleka Game Boy na Tetris kwenye kituo cha Mir mwaka 1993. DS iliingia mikononi mwa wazee wa Japani kwa gemu za mazoezi ya akili za Profesa Kawashima zilizoanza 2005.

Kinachonisumbua zaidi ni namna hoja hii inavyougeuza ukweli. Mtoto ndiye mwenye alasiri nzima. Mtu mzima ana vipande: dakika ishirini kwenye foleni, nusu saa akisubiri hospitalini, saa moja baada ya watoto kulala, safari ya Dar hadi Mwanza inayomaliza siku. Mashine ya mkononi unaibonyeza inalala palepale ulipo, hata katikati ya pigano, na kesho unaibonyeza inaamka palepale. Gemu ya saa hamsini inamalizika kwa vipande vya dakika ishirini. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori anayesubiri mpakani Tunduma, mama anayenyonyesha: hawa hawana jioni za kukaa mbele ya runinga kwa saa tatu mfululizo. Kuwaambia kwamba kifaa kinachoendana na maisha yao ni cha kitoto ni kuwanyima mchezo kabisa.

5. "Simu inatosha"

Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote, na kwa watu wengi iko karibu na ukweli. Kizazi changu hakikuanza na PlayStation. Kilianza na kale kamashine ka matofali yanayoanguka kalikotumia betri ndogo, kisha nyoka wa Nokia 3310 na 1100. Nokia 1100 pekee iliuza zaidi ya milioni 250. Kwa hiyo wanaosema gemu ya mkononi ni mambo ya kigeni wamesahau walikojifunzia wenyewe.

Ila nyoka yule alikuwa wako mara tu uliponunua simu. Hakukuomba kitu. Gemu za simu za leo nyingi ni za bure kuzishusha, na kwa sababu ni za bure zimejengwa zikuchoshe mpaka ulipe. Muulize kijana yeyote anayecheza Free Fire kuhusu almasi. Anakusanya mia mbili mia mbili za vocha kununua nguo za mhusika wake, kwa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka hana kitu anachoweza kumuuzia mwenzake wala kumwazima. Kadi ya Switch anaweza kuiazima, kuibadilisha au kuiuza. Diski ya PlayStation nayo ni hivyo, lakini nimekwisha kusema inakoelekea: Pro iliuzwa bila sehemu ya kuiingizia.

Halafu kuna betri. Betri ya simu ndiyo M-Pesa yako, ndiyo nauli yako, ndiyo njia ambayo mtu wa nyumbani anakupata usiku. Ukiimaliza kwa mpira umemaliza na hivyo vyote. Na vidole gumba viwili juu ya kioo laini vinafunika sehemu ya picha unayojaribu kuiangalia. Vitufe halisi vipo kwa sababu kidole kinahitaji kujua kilipo bila jicho kukifuata. Anayetaka dakika tano za mafumbo, simu inamtosha kweli. Anayetaka gemu yenye mwanzo na mwisho, iliyolipiwa mara moja, hatoshelezwi.

6. Kuharibika, na mabanda

Nakubali wazi: vijiti vya Switch vina ugonjwa. Baada ya muda kijiti kinaanza kusogea chenyewe, mhusika anatembea bila kuguswa. Malalamiko yalifika mahakamani Marekani, na mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja. Kwenye Switch Lite ni vibaya zaidi kwa sababu vijiti havichomoki. Mashine nzima inakwenda kwa fundi. Hiyo ni gharama, na mnunuzi aihesabu. Lakini pedi ya PlayStation 5 nayo imeshtakiwa kwa kosa lilelile. Uliza mwenye banda lolote la gemu anabadilisha pedi mara ngapi.

Na banda ndilo jambo ambalo watetezi wa sebule hawaliweki kwenye hesabu. Hapa kwetu mashine ya sebuleni haijaishi sana sebuleni. Imeishi bandani: safu ya runinga, mabenchi, vijana wanalipia mechi moja au nusu saa, anayefungwa anampisha anayesubiri. Mwenye banda ndiye aliyenunua mashine, ndiye anayelipa LUKU, ndiye anayebadilisha pedi na kununua stabilaiza. Huo mpira wa wawili wawili, ile furaha ya kumfunga mtu aliye kando yako huku watu wanapiga kelele, ambayo ndiyo hoja bora kabisa ya mashine ya sebuleni, inapatikana mtaani kwa bei ya chungwa, tena na wapinzani wengi kuliko watakaowahi kuingia nyumbani kwako.

Banda haliwezi kukupa kitu kimoja: gemu ndefu ya peke yako. Hakuna atakayelipia nusu saa nusu saa kwa hadithi ya saa hamsini, na ukirudi kesho utakuta mteja mwingine amefuta ulipoishia. Hizo ndizo gemu zinazohitaji mashine iliyo yako, inayolala na kuamka pale ulipoiacha, isiyogombea runinga na mtu. Aliyenunua mashine ya sebuleni ili acheze mpira na wenzake amelipia kitu ambacho tayari kiko hatua mia moja kutoka mlangoni kwake, na kile ambacho mtaani hakipo bado hana.